Tuliposema Tunakwenda Azza Sur

Shemeji yangu alikufa Jumapili asubuhi, jua limeshapanda, kichwa chake pajani kwangu, na mimi namweleza jinsi ya kusafisha kabureta ya pikipiki. Shahada nilikuwa nimeshamsomea alfajiri, akaitikia, kisha akasema bado, nimweleze safari yetu tuliyoipanga. Basi nikawa naeleza. Pikipiki tumeshazinunua, pwani tumeshaiacha, sasa tunapanda Andes, hewa nyepesi, injini haina nguvu, tunasimama kando ya njia nafungua. Nikamwuliza, "Nipe spana namba ngapi, shemeji?" Siku zote alikuwa akikosea hapo, na mimi namcheka. Siku hiyo hakukosea wala hakupatia. Nikamwuliza tena.

Tulikuwa kwenye ubao wa jiwe, upana wake mikeka miwili, juu ya bonde la Tiwi. Chini naiona mitende na migomba ya watu. Naona hata moshi wa jiko la mtu anayepika chai yake. Nilikuwa nimepiga kelele siku mbili mpaka sauti imekatika, na hakuna aliyesikia. Na yule aliyekwenda kutuitia watu alikuwa ameshafika huko chini tangu Ijumaa.

Mimi sikusoma. Nilizaliwa Burundi, darasa la nne nikatolewa skuli nikapelekwa gereji, na nilipokuja Oman, nchi ya babu zetu, miaka ya tisini inaanza, sikuwa na cheti chochote, nina mikono tu. Nikapata kibanda sanaiya ya Ibra, huko ziliko gereji zote, nikaoa, nikakaa. Binamu yangu, mtoto wa ammi yangu, yeye baba yake alibaki Unguja na wangu akaingia bara, na tofauti yetu yote ni hiyo. Yeye alisoma. Alipata ofisi Nizwa, kiti kinazunguka, na mtu wa kumletea kahawa. Mbele za watu akiniita Mrundi, watu wanacheka, na mimi nacheka. Jina lake silitaji hapa. Kila mtu Ibra anamjua, na yeye mwenyewe anajijua.

Habari ya Andes, milima ya Amerika ya Kusini, aliileta yeye. Siku moja, miaka ya elfu mbili imeshaingia, alikuja sanaiya na makaratasi aliyoyatoa kwenye kompyuta ya ofisini. Picha ya njia inajikunja mlimani kama mshipi uliotupwa, pikipiki moja, na nyuma theluji. Akasema huko watalii wakimaliza safari huuza pikipiki zao rahisi, unanunua, unazunguka nayo miezi miwili, unaiuza tena. Unalala hemani, unapika wali wako. Barabara ikikwisha unaiweka pikipiki kijijini kwa watu, unatembea kwa miguu siku nne kukata mlima, upande wa pili unapanda gari unarudi kuichukua. Tajiri anakwenda kule na wapagazi. Sisi tutakwenda kimaskini, alisema, ila tunahitaji fundi.

Fundi ndiye mimi. Mara ya kwanza maishani alinihitaji kwa kitu.

Nami nilitaka kwenda, sitaficha. Milima ya Oman naiheshimu, lakini ni mifupa. Mimi nilikulia kwenye milima yenye nyama: majani, ukungu, asubuhi mkono unauficha kwapani kwa baridi. Huko kwetu miaka ile watu walikuwa wakichinjana, kurudi hakuna. Nilipoiona ile picha nikasema basi, kama siwezi kurudi kwenye ile milima nitakwenda kwa dada yake.

Wa tatu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtoto wa kiume pekee wa mama mkwe. Umri wake miaka ishirini na tatu, anauza simu dukani Mudhaibi. Kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake cha kuokoteza, na akikwama anamalizia kwa Kiarabu. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja gereji kwangu kujifunza. Kuziba pancha, kukaza mnyororo, kubadilisha waya wa klachi. Mimi kuandika ni shida, basi yeye ndiye aliyekuwa akiandika kwenye daftari la skuli kila kitu tutakachobeba: plagi mbili, viraka, sindano ya kushonea hema, chumvi. Akiandika ananiuliza, "Huko iko baridi kweli, shemeji? Au hii binamu yako inatutisha?"

Kwetu watu watatu wakisafiri humweka mmoja wao awe amiri, na akishawekwa anatiiwa. Binamu alilitoa hilo tukiwa tumekaa kwenye matairi, tunakula halwa. Shemeji alininyooshea kidole mimi. Binamu akaweka kikombe chini.

"Huyu? Akikutana na kibao cha njia atakisomaje?"

Tulicheka wote watatu. Nikampa mkono yeye, nikasema amiri ni wewe. Hakuna aliyenilazimisha. Nikilala nauona ule mkono wangu unavyokwenda.

Akataka tufanye jaribio kwanza. Pikipiki mbili kuukuu nilizozifufua mwenyewe, kutoka Ibra mpaka Wadi Bani Khalid, tunaziacha huko, halafu kwa miguu juu ya mlima na kuteremkia Tiwi, siku mbili. Mlima ule nilikuwa nikiujua kwa masikio. Wachungaji wa juu huleta gari zao kwangu, na mmoja, mzee, aliniambia: fuata mavi ya punda. Punda hapiti mahali pa kufia. Yakikatika, rudi nyuma mpaka uyaone tena. Na maji beba, juu hakuna. Nikayafikisha kwa amiri. Akasema maji lita nne kila mtu, tuzoee wepesi. Nikamwambia Andes kuna mito, hapa kuna mawe. Akasema amiri nani?

Sasa nifike pale ninapopaona pachungu mwenyewe. Uongo niliutunga mimi.

Mama mkwe asingemwachia mwanawe apande mlima, na mke wangu asingeniachia mimi. Nikafikiri kitu gani mtu hawezi kukukatalia katika watu wetu. Harusi utakataliwa, utaambiwa umechoka, hukualikwa. Azza hukataliwi. Mtu akifa watu wanakaa matanga siku tatu, na anayekwenda anaondoka hapo hapo bila kuulizwa. Nikasema kuna bibi amefariki Sur, jamaa wa mbali upande wa baba, tunakwenda kukaa azza siku zote tatu. Sur kubwa, na jamaa hawakosi. Binamu alinipiga bega, akasema Mrundi leo umetumia akili.

Mama mkwe hakuuliza neno. Alinipa tende na birika la kahawa niwapelekee wafiwa, akasema atamsomea marehemu Yasin jioni. Niliipokea tende ile kwa mikono miwili.

Tuliondoka Jumatano alasiri. Alhamisi tulipanda mlima mchana kutwa, na sitasema uongo, ilikuwa siku nzuri. Shemeji alikuwa mbele akiimba, anageuka kila mara kutuuliza hapa Andes ingekuwa wapi. Usiku tulilala juu kwa baridi, tukajifunika mahema. Ijumaa asubuhi tukafika panapogawika. Njia moja ina mavi ya punda, inazunguka mbali. Nyingine haina kitu, inashuka moja kwa moja na mitende unaiona. Amiri akafungua ramani yake ya kompyuta. Nikasema punda hakupita hapa. Akaniambia, "Punda hasomi ramani." Shemeji akacheka, akapita yeye wa kwanza.

Hatukwenda nusu saa. Jiwe lilimtoka chini ya mguu, akateleza urefu wa nyumba, akasimama kwenye ule ubao. Tulipomfikia paja lilikuwa limevunjika juu kabisa, nyongani, linavimba tukiliangalia. Kumbeba hatukuweza, njia ile hata mbuzi angefikiri mara mbili. Nikasema tumwachie maji, turudi wote kwenye njia ya punda. Amiri akasema hapana, wewe kaa naye, mimi najua kusema na watu, nitashuka Tiwi, kabla ya magharibi nimerudi na wanaume na kamba. Nikatii. Alishika njia ya punda, ile ile, na mara hii hakufungua ramani.

Maji yalikwisha usiku wa Ijumaa. Jumamosi, kushuka nimwache peke yake siwezi, nikatambaa mpaka nikapata kidimbwi mwambani, mbuzi wameshakinyea, nikachota kwa kiatu nikakamua na kilemba changu. Ndiyo maana mimi niko hai. Yeye alikunywa, hakufa kwa kiu. Alikuwa akivuja damu kwa ndani, mguu mweusi mpaka tumboni. Hakulia sana. Alitaka safari. Nikamwongoza kutoka mwanzo, mji mpaka mji, kama tulivyopanga kwenye daftari, na yeye ananisahihisha, chumvi umeisahau, shemeji. Nikafika mlimani nikageuza pikipiki nikaanza tena, kwa sababu safari ikiisha sijui nitamweleza nini.

Helikopta ilikuja Jumapili adhuhuri. Daktari Sur hakunizungusha. Alisema angeletwa Ijumaa, hata Jumamosi asubuhi, angeishi.

Nikadhani binamu alichelewa kwa kupotea njiani, au naye kaanguka. Nikamwonea huruma. Wallahi, nilimwonea huruma.

Azza ya kweli ilikaa Ibra, siku zake tatu, na waliokuja kwanza walikuwa wale wale niliowaambia kuna azza Sur. Siku ya pili mama mkwe aliniita ndani. Hakunitukana. Alitaka kujua kitu kimoja tu, mwanawe alikufa siku gani hasa, maana Ijumaa alasiri alipiga simu, ya mwanawe haikushika, akampigia binamu yangu ikashika. Juu mlimani simu hazishiki. Tiwi zinashika.

"Nilimwuliza mwanangu vipi, kala?" alisema. "Akaniambia, amelala, mama. Kachoka na watu wa azza, asubuhi atakupigia. Nikasema mwache alale."

Kumbe alifika. Alifika mzima na simu mkononi, na neno moja lingetosha. Lakini angelisema lile neno ingebidi aseme na la pili, kwamba hakuna maiti Sur, kwamba yeye, mtu mkubwa wa Nizwa, ameshiriki kutunga kifo cha mtu ili akacheze mlimani. Aliogopa fedheha. Akaona bora amtoe shemeji mlimani kimyakimya, siku tatu za azza bado, hakuna atakayeuliza.

Mengine nilikuja kuyasikia baadaye, kwa mvuvi wa Tiwi aliyeleta gari yake kutengeneza. Alinisimulia bila kunijua. Alisema alikuja bwana mmoja wa mjini kutoka mlimani, akakaribishwa, akanywa kahawa, akaulizwa uko peke yako, akasema wenzake wanakuja nyuma taratibu. Jumamosi akamlipa mtu mmoja amtembeze bondeni, akapiga piga makelele mahali ambapo sisi hatupo, akarudi. Hakusema kuna mtu kavunjika. Jumamosi jioni, matanga ya Sur yakiwa yamekwisha na simu za wanawake hazikomi, ndipo alipokwenda polisi. Na huko alisema tumepotezana Jumamosi ile ile.

Lawama watu wakaniachia mimi. Mrundi, hakusoma, kampeleka mtoto wa watu akamuue, na juu yake kazusha azza. La azza ni kweli, nimelijibu. Nililisema mbele ya mama mkwe siku ile ile ndani, na mbele ya mke wangu, na mke wangu hakusema nami mwaka mzima. Tende zile alizonipa nilimwambia tulizila Wadi Bani Khalid, tukicheka. Sikuacha kitu. Kitu kimoja tu sikumwambia, kwamba simu aliyopiga ilipokelewa na mtu anayejua mwanawe yuko hai na anangoja. Anaamini mpaka leo kwamba binamu yangu alikuwa hajui mwanawe kaumia, kwamba "amelala" ilikuwa nia njema. Humwombea dua.

Na binamu alikwenda Andes. Miaka mitatu haikupita, akaenda na watu wa ofisini kwake, wakakodi pikipiki mpya na wapagazi. Picha kaitundika nyuma ya kiti chake Nizwa. Nimeiona kwa macho yangu, nilikwenda kwa shughuli ya leseni ya gereji. Majani, ukungu, kama kwetu. Akaniagizia kahawa. Nikamwambia nimekuja na la leseni na la shemeji. Akaangalia mlango, akasema yaliyopita tumwachie Mungu.

Mungu tutakutana naye, mimi na yeye, na nitajibu yangu. Ninalolitaka ni la hapa. Mama mkwe amezeeka, macho yamekwisha, masikio bado. Nyumba yake Ibra binamu anaijua, kahawa yake ameinywa miaka yote. Na aje, akae mkekani, mimi nitakaa pembeni wala sitafungua mdomo, amwambie kwa ulimi wake ule ule: Ijumaa alasiri uliponipigia, mwanao alikuwa hai, nami nilikuwa najua alipo. Halafu amjibu atakalomwuliza. Aje yeye akiwa bado anasikia.