Nyimbo za Kiayalandi za Uthman wa Kibokoni

Wazee wanaokutana kila Jumanne asubuhi katika ukumbi mmoja wa Frogtown, mjini Saint Paul, jimbo la Minnesota, Amerika, kupiga muziki wa Kiayalandi, wana nyimbo sita zilizotungwa na Mswahili wa Kibokoni, Mombasa. Jina lake Uthman. Ana miaka hamsini na minne, na kazi yake ni kuendesha gari la kuwabeba wazee na wagonjwa wasioweza kujiendesha wenyewe.

Anaishi Hopkins peke yake, chumba kimoja na jiko. Mkewe waliachana zamani. Binti yao, Sumayya, yuko chuoni mwendo wa dakika ishirini tu, lakini akipigiwa simu kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, tena kwa mkato. Kuna siku Uthman hana wa kusema naye ila abiria, na abiria wengi husinzia.

Noreen hakuwa wa kusinzia. Alikuwa bibi wa miaka themanini na mmoja, mkaazi wa Coon Rapids, ambaye nyanyake alitoka Ayalandi. Kila Jumanne Uthman alimchukua yeye na kinanda chake cha mkono, akamshusha ukumbini, akamngoja garini. Hata Januari moja, baridi ya kukata pumzi, Noreen akamgongea kioo.

"Ukifia humu nani atanirudisha kwangu? Ingia ndani."

Akaingia, akakaa karibu na mlango. Maneno ya zile nyimbo aliyashika nusunusu, lakini habari yake aliijua yote: mtu kaondoka kwao, mama kabaki, bahari iko katikati. Ujanani Uthman alikuwa akitungia watu nyimbo za harusi. Tangu aje Amerika, miaka kumi na minane, hakuwa ametunga hata ubeti mmoja.

Msimu wa baridi uliofuata mama yake akafariki. Tiketi haikupatikana kwa siku ile, na maiti kwao hailazwi. Nduguye Hussni akampigia simu ya video jeneza likitoka nyumbani. Kwao alasiri inakaribia, huku kwa Uthman hakujapambazuka. Aliona kitambaa cha kijani, mabega ya watu, kisha ukuta wa kichochoro.

"Umeona?" akauliza Hussni.

"Nimeona."

Simu ikakatika. Uthman akapangusa uso, akaenda kumchukua Noreen, kwani ilikuwa Jumanne.

Noreen alimtazama mara moja tu. "Nani?"

"Mama."

Wakashika njia hadi karibu na mto. Kisha Noreen akasema, "Nyanya yangu alipokuwa anakuja Amerika, majirani walijaa nyumbani kwao, wakacheza na kulia mpaka asubuhi. Walimkalia matanga akiwa hai. Walijua hawatamwona tena."

Uthman alisimamisha gari kando ya njia. Alikumbuka siku aliyoondoka yeye. Watu wote walimsindikiza mpaka barazani, ila mama alibaki jikoni akikaanga mahamri. Alipoitwa, alijibu, "Yataungua," wala hakugeuka. Miaka kumi na tisa Uthman alikuwa na kinyongo kwamba mama hakumuaga. Kumbe alikuwa amekwisha kumlilia.

Wimbo wa kwanza aliuandika siku ile ile, nyuma ya karatasi ya safari zake. Aliuandika kwa Kiingereza, lakini mizani nane kila kipande, kama alivyofundishwa madrasani Kibokoni. Mahamri hayakukaa kwenye mizani, akaweka mkate. Noreen akautilia sauti, na kufika masika ukumbi mzima ukawa unauimba.

Mgeni mmoja aliyepita pale akauliza wimbo huo ni wa jimbo gani la Ayalandi.

"Mombasa," akajibu Noreen.

Zikafuata nyingine. Upo wimbo wa msichana aliye ng'ambo ya bahari. Wazee huuimba wamefumba macho, wakidhani ni mchumba. Ni Sumayya.

Alimpelekea Hussni ule wa kwanza kwa simu. Hussni akasikiliza mpaka mwisho. "Mzuri, kaka. Lakini mbona hukumtungia mama kwa lugha yake?"

"Nimejaribu," akasema Uthman. "Nikifika neno la pili siwezi."

Vuli iliyopita Noreen alihamishiwa kwa mwanawe, jimbo la mbali. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya safari. Uthman akaomba Jumanne ziwe siku zake za mapumziko, na sasa huenda mwenyewe kwa basi, abadilishe mara mbili. Wazee humpa kiti, wakaimba, kisha kila mtu akashika njia yake.

Juzi mzee mmoja mpiga fidla alimfuata Uthman alipokuwa akivaa koti. "Yule mama wa kwenye wimbo, jina lake nani?"

Tangu mama azikwe, hapana mtu wa Minnesota aliyewahi kumuuliza jina hilo.

"Ummulkheir," akasema.

Mzee hakulishika. Uthman akalirudia polepole mara nne, na wale waliokuwa hawajatoka wakalijaribu pamoja naye.