Siku ya Mgongo wa Baba

Mgongo wa baba yangu niliujua kabla sijajua kusoma. Alikuwa akikaa mkekani alasiri, ananipa mafuta ya nazi nimpake, na vidole vyangu vinapanda na kushuka kwenye makovu, maana ngozi ile ilikuwa imeinuka kama matuta ya muhogo. Alichapwa akiwa kijana, enzi za Mwingereza, kwenye kambi ya wakata mikoko huku kwetu delta. Siku hizo mkata boriti akichelewa kutoka kwenda kazini maji yanapokupwa, nyapara alimlaza juu ya magogo na kumchapa kiboko mbele ya wenzake, na mara nyingine mbele ya mkewe na wanawe.

Siku moja baba akakataa. Hakutukana wala hakuinua mkono. Alipanda juu ya rundo la boriti, akakaa, akasema hatashuka na chombo hakitapakiwa mpaka viboko viishe kambini. Wenzake wakakaa naye. Nyapara akamchagua yeye peke yake, akamchapa mpaka akazimia, na bado hakuna aliyepakia. Wakubwa wa nyapara walipoona boriti zinaozea matopeni, wakakiondoa kiboko pale, na kambi za jirani zikafuata.

Watu hawakusahau. Nilipoachika na kurudi nyumbani kutoka Bungu, wakati ruhusa ya biashara huria imeshafungua kila mlango, nilikuta kijiji kimemwekea siku yake kila mwaka. Asubuhi wanaume walifyeka nyasi kuzunguka zahanati, wanawake tulibeba mchanga wa kujengea darasa, na watoto wa shule waliotesha miche ya mikoko pale ukingoni palipokatwa pakawa peupe. Mchana tulikula wali wa nazi na samaki kwenye uwanja wa shule, baba akasimulia, watu wakauliza maswali, tukatawanyika. Hakuna aliyewahi kumwomba avue kanzu.

Halafu akaja mfanyabiashara wa kambamiti kutoka Dar es Salaam. Alileta mashua zenye barafu, akawa ananunua mzigo wa mto wetu wote, na siku ya baba nayo akaipenda. Alileta vipaza sauti na fulana zenye picha ya mgongo uliochorwa mistari. Alileta na wageni wake.

"Wageni wangependa kuona," alimwambia mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti akamwinamia baba sikioni. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia.

"Pale wamekaa wakwe zangu," baba alisema.

"Mzee wangu, zahanati haina paa. Mwenzetu ameahidi mabati."

Baba akafungua vifungo. Akawapa mgongo. Wakapiga picha, kisha mama mmoja katika wale wageni akasogea, akabonyeza kovu kwa ukucha, akauliza kama bado linauma. "Hapana, mama," baba alijibu, akiwa ametazama ukuta wa darasa. Tangu hapo vijana wakaiita Siku ya Mgongo, na ikawa kila mwaka anavua. Mabati hayakuja.

Mwaka ambao yote yaliharibika, jirani yetu, mvuvi kijana mwenye mke na watoto wawili, aliuza tenga la kambamiti kwa mnunuzi mwingine aliyetokea Kibiti. Msimamizi wa yule mfanyabiashara akamkamata pale dikoni wanaposhushia mzigo, akampiga kwa kipande cha kamba ya nanga iliyolowa. Kijana alikuja kwetu akipitia uani. Nilimkanda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na baba alikaa kwenye kigoda akitazama.

"Amekupiga mbele ya nani?" baba aliuliza.

"Mbele ya mke wangu, babu."

Baba alisogeza kigoda karibu naye. Kisha akasema, "Siku yangu ni Jumamosi. Utasimama na mimi pale mbele?"

"Nitasimama."

Jumamosi ile kazi ya kujitolea ilipangwa na yule mfanyabiashara. Alitaka ukingo usafishwe ajenge ghala la barafu. Ukingo wenyewe ni ule walioupanda watoto, na ni watoto walewale walioambiwa waing'oe mikoko, ambayo mingine ilikuwa imeshawafika kifuani. Waling'oa wakiimba.

Mchana mwenyekiti akatangaza kwamba sasa mzee wetu atatuonyesha. Baba akasimama na kanzu yake mwilini.

"Wangu umeshapona," alisema kwenye kipaza sauti. "Leo mtaona mwingine, uliopigwa juzi, hapa hapa kwetu."

Akamwita kijana. Kijana akaja mbele, amevaa fulana ya sherehe. Mfanyabiashara hakukasirika. Alichukua kipaza sauti kwa upole na kumuuliza, "Nani amekupiga, ndugu yangu?"

Msimamizi alikuwa amesimama karibu na masufuria ya wali. Mke wa kijana alikuwa hatua chache kutoka hapo, mtoto mgongoni.

"Hakuna aliyenipiga," kijana alisema. "Niliteleza dikoni, nikaangukia mashua."

"Vua fulana," baba alimwambia.

"Sivui, babu."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana, kikaja mbele. Mwenyekiti akasema mzee amechoka, umri nao una mambo yake, tumsamehe. Mfanyabiashara akasema basi, tuone huo wa siku zote. Wanakamati wawili wa sherehe wakamshika baba. Alikamata ukosi wa kanzu kwa mikono miwili; wakavuta, ikachanika mpaka kiunoni. Wakamgeuza kwa mabega, wageni wakapiga makofi. Nilipojaribu kupita niende kumfunika, mwanamke niliyecheza naye utotoni alinidaka mkono.

"Usituharibie," aliniambia. "Mabati bado."

Baada ya hapo maneno yakaanza kisimani. Kwamba makovu yale labda ni ya moto. Kwamba labda na yeye aliteleza, akaangukia mizizi ya mikoko. Waliokaa naye juu ya zile boriti walikuwa wamekufa wote, hakuna wa kubisha. Yule kijana alipewa kazi ya kupima mzigo kwenye ghala jipya. Alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu anatoa shikamoo huku anatazama chini, na baba anaitikia marahaba.

Nilimuuliza baba kama ana kinyongo naye.

"Ana watoto," alisema. "Mimi wakati ule sikuwa na mtoto." Akaongeza, "Lakini angeniambia asubuhi. Ningebaki nyumbani."

Mwaka uliofuata hawakuja kumchukua. Kipaza sauti tulikisikia tukiwa barazani. Mwenyekiti alisimulia yeye, akasema wakubwa wa kambi waliingiwa na huruma wakaondoa kiboko kwa hiari yao. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani kulala, na jua lilikuwa bado juu.

Hakumaliza mwaka. Kichomi kilimkamata wakati wa masika, na zahanati haikuwa na dawa. Maziko yake yalikuwa ya watu wachache, maana mashua za barafu zilikuwa zimefika siku hiyo na wengi walikuwa dikoni. Mfanyabiashara alituma magunia ya mchele.

Arobaini ilipopita, mwenyekiti alikuja kuniambia kwamba siku ya mzee sasa itafanywa kubwa zaidi, na kamati inaomba nikae jukwaani kama mtoto wa marehemu. Nilimwambia sitakaa.

"Sawa," alisema, bila hasira yoyote. "Tutamtafuta ndugu mwingine."

Walimpata Mahege, binamu wa mbali ambaye hakuwahi hata kulala kwetu. Ndiye anayekaa kwenye kile kiti kila mwaka. Hakumjua nyapara wala kambi, lakini anasimulia vizuri, na wageni wanampenda.