Nyama Mbichi Mbele ya Baba Mdogo

Kosa ni langu, nakubali. Wenzangu wa ghala ninakofanya kazi, kule Jeffersontown, Marekani, ndio walionionjesha mgahawa wa Kijapani, ambapo moto unawaka katikati ya meza na mnajichomea nyama wenyewe. Mimi na ndoto zangu nikasema: sisi watu wa ng'ombe, watu wa milimani, tutakosaje kuupenda? Kwa hiyo baba mdogo na mkewe waliposhuka kutoka Buffalo kuja kwenye kongamano la kanisa Columbus, niliendesha gari kutoka Louisville alfajiri, nikawapeleka kwenye mgahawa kama ule.

Nilikuwa na jambo. Baba yangu hayupo tena, na bila baba mdogo hakuna wa kwenda kuniombea mchumba. Binti mwenyewe anakaa na wazazi wake hapo hapo Columbus, upande wa Northland. Lakini kwetu jambo la namna hiyo halifunguliwi mbele ya mzee mwenye njaa. Anakula, anashiba, ananawa mikono, ndipo unasema.

Mhudumu akaleta sahani ya nyama mbichi, nyekundu, nyembamba kama karatasi. Akatuambia meza ni yetu kwa saa moja na nusu, akaenda zake.

Baba mdogo akaitazama. "Bon. Jiko lao limeharibika?"

"Hapana, baba. Hapa tunajipikia."

"Nani anajipikia?"

Mama mdogo akakunja mikono. "Mimi nimeacha jiko langu Buffalo. Sikusafiri saa tano nzima kufuata lingine. Leo niko mgeni."

Basi nikashika koleo. Vile vijipande vitano vitano ndivyo vinavyoenea kwenye wavu wa kuchomea. Nageuza, nampakulia baba mdogo, anatia mdomoni mara moja, anaweka mikono mapajani, ananitazama. Narudia. Mama mdogo naye anavirudisha vyake: "Hiki bado kinalia kama ng'ombe." Nikikiacha kidogo tu, kimekuwa mkaa. "Sasa umekichinja mara ya pili!" Moshi machoni, jasho mgongoni, na mimi mwenyewe sijaonja hata kimoja.

"Baba, umeanza kushiba?"

"Kushiba nini? Chakula hakijaja."

Nililichukia lile jiko la mezani, nikalichukia koleo, nikajichukia na mimi. Wiki nzima nilikuwa nimepanga maneno yangu, nikiyasema peke yangu kazini huku nafunga maboksi. Na kesho yake, ibada ikiisha tu, wao wanarudi Buffalo!

Mhudumu akapita tena: dakika kumi zimebaki. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema yote kwa mkupuo, koleo mkononi, nyama inaungua:

"Baba, nimepata msichana, wazazi wake wako hapa hapa mjini, nakuomba ukaniongelee!"

Mama mdogo akajifanya anasoma menyu.

"Weye mtoto," baba mdogo akasema polepole, "jambo la kuoa unanieleza na njaa hivi?"

"Nisamehe, baba. Nimejaribu kukushibisha, imenishinda."

"Ni watu wa kwetu?"

"Ndiyo, baba."

"Wanasali?"

"Wanasali sana."

"Sasa hivi wako nyumbani?"

"Nadhani wako."

"Donc, basi wanapika?"

Mama mdogo akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Baba mdogo alikuwa ameshasimama, anatafuta koti lake.

"Piga simu. Waambie mzee anapita kuwasalimia. Nikishiba huko, nitakuombea huyo msichana."

Nilipiga simu nje, nimesimama kwenye maegesho, nguo zote zinanuka moshi.

"Leo?" binti akapiga kelele. "Weye iko na kichaa? Sebule hatujafagia hata!"

Nikamwambia sebule waiache kama ilivyo, wateleke ugali, sufuria kubwa, haraka. Akaanza kuniuliza mzee anapenda mboga gani, lakini sikumsikia vizuri, maana baba mdogo alikuwa ameshafunga mkanda na ananipigia honi.