Sala Niliyomshtakia Barasa

Mkinicheka chekeni taratibu, maana majirani zangu hapa mtaa wa Tena hadi leo hawajui kwa nini nikisali huwa nimekodoa macho kama bundi, wanadhani ni ujuaji, kumbe ni woga mtupu.

Miaka ile vyama vingi vilipokuwa bado vipya na kila mtu amegeuka mtaalamu wa siasa, nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha rangi kule Industrial Area, na tulikuwa na jamaa wa stoo akiitwa Barasa. Huyu Barasa, jamani, Mungu alimpa kila kitu halafu akasahau kufunga mfuko: urefu, sauti, mwanya, na ule ufundi wa kuiga wanasiasa hadi chai inakutokea puani. Na nani alikuwa akicheka kuliko wote? Mwende, dada wa mapokezi. Mimi nilimpenda Mwende kimyakimya (kimya kweli, hata yeye mwenyewe hakuwa na habari), kila saa ya chai namwekea kiti, napangusa na kile cha kando yake ili nikikalie mimi, na kila siku hicho nilichopangusa anakalia Barasa.

Sasa Jumatano moja Barasa akaruka mpaka. Mzee Mutua, dereva wetu, alikuwa amesema tu kwamba kwao Ukambani mvua imekataa, Barasa akadakia, "Mzee, si mlipiga kura? Nyinyi watu wa huko mkipewa unga kilo mbili mnamkabidhi mtu nchi nzima! Mngenyang'anywa kura kwanza hadi mshibe." Meza nzima ikaangua kicheko. Mzee Mutua akaweka kikombe chini chai ikiwa nusu, akatoka. Mwende, ambaye naye kwao ni hukohuko, akamtazama Barasa kama mtu aliyekuta mende ndani ya andazi.

Mimi moyoni nikasema, leo ni leo. Tangu uchaguzi, Meneja alikuwa ametangaza kwamba atakayeleta siasa kazini ataenda kuzila kwake, yaani kazi hana. Basi nikaanza kujihoji, niripoti, nisiripoti? Tusi lilikuwa tusi kweli, na mzee aliumia kweli, lakini (nisiwadanganye) kila nikijaribu kumfikiria Mzee Mutua, nilichokiona ni kile kiti kando ya Mwende, kikiwa kitupu, kinaniita kwa jina. Kumwendea Meneja ofisini niliogopa, watu wangeniita kibaraka. Ndipo nikakumbuka kwamba Ijumaa kabla ya kazi huwa tuna maombi, Meneja mwenyewe huwa mstari wa mbele, na zamu ya kuongoza ilikuwa yangu. Nani atamkatiza mtu anayezungumza na Mungu?

"Baba," nikaanza, macho nimeyafumba sawasawa, "unawajua watumishi wako wote, wa ofisini na wa stoo. Hasa wa stoo."

"Amina!" wakaitikia.

"Unamjua ndugu yetu aliyesema watu wa Ukambani wanauza nchi kwa kilo mbili za unga. Mwangalie, Baba, pale kwenye mapipa aliposimama."

Amina zikapungua. Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga kwa jina la Yesu akaenda zake, lakini mimi nilikuwa nimeshanogewa, breki hazishiki. "Na tena, Baba, kila siku anakalia kiti ambacho hakukipangusa, anamchekeachekea binti wa watu na ule mwanya wake, na wewe Bwana unajua huo mwanya hauna lolote…"

Sikusikia hata amina moja ya huruma. Nikafungua jicho la kushoto, nikakuta kiwanda kizima kinanitazama, na Mwende amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Barasa," Meneja akauliza, "ulisema hayo ya unga?"

"Nilisema, bosi." Sauti yote ilikuwa imemwishia, na hapo tu ndipo nikakumbuka kwamba ile stoo ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha wadogo zake.

Mzee Mutua akakohoa. "Bosi, aliyetukanwa ni mimi, na yamekwisha. Jana jioni huyu kijana alikuja kwangu mtaa wa Fedha na kilo mbili za unga begani, akaniambia, 'Mzee, nimekuja kununua msamaha.' Mama watoto alicheka, akausonga uleule. Tumeula pamoja, wote wa meza ya chai."

"Wote?" nikauliza kama mjinga.

"Wewe tulikutafuta, Ouma," Mwende akasema. "Ulikuwa umeshakimbilia nyumbani kama kuku aliyeona wingu."

Kweli, bana. Mimi kengele ya kutoka ikilia, kabla haijanyamaza miguu yangu iko kwenye karai la maji moto.

Meneja akanigeukia. "Na wewe uliyeumia hadi ukampelekea Mungu, siku ile ulimwambia Barasa nini?"

Nikatazama dari. Dari haikunisaidia. "Nilicheka, bosi."

"Alitushinda sote," Barasa akaongeza. "Aligonga meza."

Meneja akamwonya Barasa asirudie, akasema aliyetukanwa akishasamehe, yeye ni nani asisamehe. Mimi, kwa vile napenda sana habari za viti, akaniamuru niwe namimina chai mwezi mzima nikiwa nimesimama. Nikawamiminia Barasa na Mwende, wamekaa bega kwa bega, nikiuliza, "Sukari inatosha?" huku moyo unachemka kuliko birika. Siku moja Mwende akaniambia polepole, "Ungemwambia palepale mezani, Ouma, mimi ningekuheshimu. Lakini ulingoja tufumbe macho."

Mwaka uliofuata Barasa aliniletea mkononi kadi ya harusi yake na Mwende. "Ndugu yangu, lazima uje, ule, unywe," akasema, mwanya wote nje. "Ila maombi tumeshapata mtu."

Nilienda. Nilikula. Na pale nyuma nilipoketi nikaapa: mtu akimtukana mwenzake mbele yangu, nitamwambia palepale, hata mdomo ukiwa na andazi; na siku nitakayotaka kiti, nitaomba kiti.