Sauti Yangu Iliposema Saa Nane

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuta herufi mbili. Nalisema mapema kwa sababu kila nikilizunguka najikuta najitetea, na sina cha kujitetea nacho.

Nilikuwa natengeneza programu ya simu ya kuwarahisishia wanafunzi kusoma: unaingiza ratiba yako ya mitihani, inakupangia nini usome lini, halafu inakukumbusha kwa sauti (sauti yangu mwenyewe, nilijirekodi ndani ya stoo ya duka la mabegi la mjomba pale Mchafukoge, katikati ya jiji, kichwa katikati ya mabegi ili honi za nje zisiingie). Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa video za mtandaoni, na labda ndiyo maana niliogopa sana mtu asije akaona kasoro, nikawa nahangaika na rangi na ukubwa wa maandishi kuliko kitu kingine chochote. Siku moja nikaona zile herufi mbili za Kiingereza zinazofuata saa, za kutofautisha asubuhi na mchana, zinachafua kioo. Nikazitoa. Kioo kikapendeza, nami nikajipongeza.

Mtu wa kwanza niliyempa programu alikuwa Zuhura, binti wa mama anayeuza chai na supu nje ya duka letu. Zuhura alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne, somo moja tu lililomwangusha, na mama yake, aliyekuja mjini kutoka Lindi, alishamwambia wazi kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, ikishindikana aje washike masufuria pamoja.

Asubuhi ya mtihani wenyewe nikashuka kunywa chai, nikamkuta Zuhura anaosha vikombe. Nikampa mama shikamoo, akaitikia marahaba baba, akawageukia wapagazi waliokuwa wanakunywa supu, akawaambia huyu ndiye aliyemtengenezea mwanangu mwalimu wa kwenye simu. Nikajifanya naona aibu (nilikuwa naipenda sifa ile kupita kiasi), nikaanza kuwaeleza inavyofanya kazi, nikaongea mpaka chai ikapoa, ndipo nikamuuliza Zuhura kwa mbwembwe, mbona mwanafunzi wangu bado yupo hapa.

“Si saa nane mchana, kaka Eli? Umesema mwenyewe.”

Ratiba iliandikwa 8:00 ya Kizungu, yaani saa mbili asubuhi. Bila zile herufi, programu iliona nane tu, ikacheza pale nilipojirekodi nikisema saa nane mchana, kwa sababu mimi, kama kila mtu hapa, nikitaja saa nane naona jua la baada ya chakula. Na muda ule ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi.

Tulikimbia, yeye mbele na kanga ya kazi kiunoni, mimi nyuma nikihema, tukakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja mpaka kwenye kituo cha mtihani. Msimamizi, mama mmoja mtaratibu, alitoka getini akatuambia wenzake wako kwenye maswali ya mwisho, hawezi kumwingiza, akamuuliza ni nani aliyempa saa nyingine. Zuhura akabonyeza simu, akaiinua, nami nikaisikia sauti yangu mbele ya watu:

“Mpambanaji, mtihani wako ni saa nane mchana. Bado una muda, vuta pumzi.”

Mlinzi akacheka, akauliza huyo bwana wa kwenye simu yuko wapi wamshike. Zuhura hakuninyooshea kidole. Na mimi (hapa ndipo panaponiuma zaidi) nilitazama viatu vyangu.

Njiani alisema maneno machache tu.

“Niliona 8:00 kwenye karatasi ya ratiba, nikataka kukuuliza. Nikaona wewe hukosei.”

Mama yake hakunigombeza. Aliendelea kupakua supu, kisha akasema bila kuniangalia, “Baba, wewe una duka la mjomba. Mwenzako alikuwa na mtihani huu tu.” Tangu siku hiyo wale wapagazi wakiniona napita wananiita Mpambanaji, na mtaa mzima unajua kwa nini.

Zuhura sasa anapika na mama yake. Nilijitolea kumfundisha ili ajaribu tena, akakataa kwa upole. Programu nimeifuta. Bado natengeneza vitu, ila siku hizi, kabla sijakipendezesha chochote, namwomba mtu akitumie nikiwa nimekaa pembeni yake, kingali kibaya, na akiniambia hajaelewa, simweleweshi. Narudi kukirekebisha.