Karatasi ya Mstari Mmoja

Ofisini walimwita Mama Maelezo, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo yanayotoka pamoja na kila toleo jipya la programu ya zahanati: nini kimebadilika, nini kimehamishwa, mtumiaji afanye nini kabla hajaanza kazi. Mafundi wa programu walipopita mezani kwake hawakuacha kumchokoza.

"Mama Maelezo, leo kitufe kimoja kimekula kurasa ngapi?"

Hakuandika "bonyeza hapa" mpaka amebonyeza mwenyewe mara tatu. Tena ndiye aliyeng'ang'ania, miaka ya nyuma, kila karatasi iwe na jina la mwandishi chini yake, ili mtu akikwama ajue pa kuuliza.

Msomaji wake mkubwa alikuwa dada yake wa tumbo moja, muuguzi aliyetoa dawa katika zahanati ndogo upande wa pili wa mji. Dada alichapisha kila maelezo, akayabandika ndani ya mlango wa kabati la dawa, na ya zamani akayatunza kwenye faili. Jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya mdogo wake, kwake lilikuwa halijabadilika.

Safari moja, katika toleo jipya, mafundi walizima onyo. Zamani ukiandika dawa mbili zisizopatana, programu ilisimama na kukuuliza kama una uhakika. Wenye zahanati wakalalamika kwamba foleni haziendi, basi onyo likazimwa. Anayelitaka aliwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Mama Maelezo aliliandika hilo juu kabisa, kwa herufi nzito, pamoja na hatua nne za kuliwasha.

Meneja akaifuta aya nzima mbele ya macho yake.

"Hii inatuanika. Andika tumeongeza kasi ya programu. Basi."

"Na anayelitegemea onyo?"

"Nani anasoma makaratasi yako, mama?"

"Dada yangu anasoma."

Chumba kizima kikacheka.

"Kumbe tuna msomaji mmoja," meneja akasema. "Na mkataba wako unaisha mwezi ujao, au nimekosea?"

Hakukosea. Karatasi ikatoka na mstari mmoja, na jina lake chini.

Kesho yake asubuhi dada akapiga simu. Meneja alikuwa ameegemea meza ya Mama Maelezo, anakoroga chai.

"Mdogo wangu, mbona umeandika kibahili hivi? Unaumwa?"

"Mzima tu, dada."

"Hakuna cha kuwasha wala kuzima? Maana nakujua, wewe hata kitufe kikibadilishwa rangi hunyamazi."

Kijiko cha meneja kikatulia.

"Hakuna," akasema Mama Maelezo. "Endelea na kazi."

Alijiahidi kumpigia akifika nyumbani. Alipofika, alijiambia dada ni mzoefu, dawa anazijua kwa kichwa. Siku ya tatu ikawa vigumu zaidi, kwa kuwa ingebidi aeleze kwa nini alidanganya siku ya kwanza.

Wiki ya pili mwalimu mstaafu, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, alifika zahanati na goti lililovimba. Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje. Dada akaingiza dawa ya maumivu, akasubiri kidogo kama alivyozoea, programu ikanyamaza, akampa. Mzee alivuja damu tumboni. Siku ya tano akafa.

Kamati ya baraza la wauguzi ilipokaa kuchunguza kifo hicho, meneja alisema programu ni msaada tu, mwenye macho ni muuguzi. Mama Maelezo, aliyeketi kando yake, aliulizwa kama dada yake aliwahi kumuuliza lolote kuhusu toleo lile.

"Sikumbuki," akajibu.

Dada alimtazama, kisha akaishusha mikono yake kutoka mezani na kuipakata. Siku hiyohiyo alifutiwa leseni. Mwezi uliofuata mkataba wa Mama Maelezo ukaongezwa.

Jumamosi moja dada akamletea faili. Hakukubali kuingia ndani.

"Vyako hivi. Mimi sina kabati tena."

Karatasi ya mstari mmoja ilikuwa juu ya zote. Pembeni, kwa mwandiko wa dada, kulikuwa na tarehe, saa mbili na dakika kumi, na maneno haya: Nimempigia. Amesema hakuna.

"Mbona hukuionyesha kamati, dada?"

"Nilitaka kukusikia wewe kwanza. Nikakusikia."

Akageuka, akashuka ngazi polepole kama mtu asiye na pa kuwahi.

Jumatatu mafundi waliliwasha tena onyo. "Hili liandike kwa kirefu, liwe juu kabisa," meneja akasema. "Watu wajue tunajali."

Mama Maelezo alilijaribu mara tatu, akaandika ukurasa mzima, akaweka jina lake chini. Kule zahanati hakuna aliyeuchapisha.