Mjane aliyekatwa pichani

Saa tano asubuhi, Jumamosi. Katika boma moja huko Saboti, emsii anawaita wajukuu wa marehemu waje wapigwe picha na jeneza. Wanakuja wakisukumana, wengine bado wanatafuna mandazi. Jentrix Nasike amepanda juu ya kreti ya soda, kamera mkononi, lakini hapigi. Anahesabu.

Ananyoosha kidole kichwa kwa kichwa, midomo ikicheza. Halafu anashuka, anakwenda hadi kwenye nguzo ya hema na kumshika mkono msichana aliyejibanza pale na mtoto mgongoni.

"Wewe ni wa hapa?"

"Ndiyo, lakini mama yangu hakuolewa hapa."

"Mzee alikuwa babu yako ama hakuwa?"

"Alikuwa."

"Basi kuja huku mbele."

Emsii anatazama saa. "Madam, si upige tu bana, pasta anangoja." Jentrix anapanda tena juu ya kreti. Anapiga picha tatu pana mno. Ndani yake mna nguzo, ndoo ya maji, kiti cha plastiki kilichovunjika mguu na nusu ya mbuzi. Mtu aliyesomea upigaji picha hata kwa siku mbili angezikata kingo hizo. Jentrix amesoma kwa miaka mitatu, na hazikati.

Ana umri wa miaka thelathini na miwili na anaishi chumba kimoja mtaani Tuwan, mjini Kitale. Alizaliwa Kipsongo, mtaa wa mabanda, na mpaka leo akilitaja jina hilo husita kwanza aone utamtazamaje. Aliuza mitumba kwa miaka saba. Siku moja mteja alimwomba ampige picha kwa simu akiwa amevaa koti alilonunua, na picha ikatoka vizuri kuliko koti lenyewe. Mteja huyo alikuwa Ankita, ambaye familia yake ina duka la vitabu na kalamu mjini, na ambaye hufundisha katika Klabu ya Kamera ya Mwangaza.

Klabu hiyo ina wanachama kumi na wanne, ada ya shilingi mia tatu kwa mwezi, kamera moja ya kuazimana na memori kadi mbili. Hukutana kila Jumatano jioni ghorofani juu ya duka. Mwanachama mwenye kazi huichukua kamera kwa wiki moja kisha huirudisha ikiwa imefutwa vumbi na kadi ikiwa tupu, ili anayefuata asilalamike kwamba nafasi imejaa. Ni sheria nzuri, na hakuna aliyewahi kuipinga.

Kila mmoja huja na picha zilizochapishwa na kuzipanga mezani. Ankita ana vipande viwili vya kadibodi vyenye umbo la kona. Huviweka juu ya picha na kuvisogeza, afiche hiki, afiche kile, mpaka kibaki anachokiita picha yenyewe. "Safisha kingo," huwaambia. Jentrix alilishika neno hilo kama mtoto anavyoshika sala ya kulala.

Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameacha mitumba. Kazi zake nyingi zilitoka kwenye matanga, Kitale na ng'ambo ya pili, Bungoma. Alilipwa elfu nne kwa mazishi, na mwezi mzuri ulikuwa na mazishi matano. "Harusi watu wanaahirisha," anasema. "Matanga hakuna mtu anaahirisha."

Sharti mgeni aelezwe jambo moja. Pande hizi, picha ya jeneza si ukumbusho tu. Emsii huita watu kwa mafungu: wake, watoto, wakwe, wajukuu, chama, kanisa. Aliyeitwa ametambuliwa. Asiyeitwa ameelezwa la kuelezwa, naye hurudi kukaa chini ya hema akijifanya anasoma ratiba. Albamu ya matanga huwekwa sebuleni, na ugomvi ukizuka hufunguliwa kabla ya Biblia.

Agosti mwaka jana, Jentrix aliitwa kwenye mazishi ya Mzee Sifuna, mwalimu mstaafu, upande wa Bungoma. Aliyempa kazi ni Khaemba, kifungua mimba wa marehemu, mwenye trekta inayolima karibu mashamba yote ya kijiji hicho. Alimpa elfu sita. Ilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote, na aliitaka iwe safi. Alimwomba emsii awazuie wenye simu wasisogee mbele, maana huziba picha. Emsii akatangaza na watu wakatii.

Kisha ikaitwa nyumba ya Mzee, wake na watoto. Mke mkubwa aliketi kitini karibu na kichwa cha jeneza, watoto wake saba wakamzunguka. Mke mdogo, Phelista, alisimama mwisho kabisa, hatua moja kando, ubavuni mwa nguzo ya hema. Aliishi katika boma hilo miaka kumi na tisa na hakujaliwa mtoto.

"Mke mdogo hukaa pembeni," Phelista alinieleza nilipomtembelea. "Ningejisukuma katikati wangesema sina adabu hata siku ya msiba. Mimi nilikaa kwa heshima."

Jentrix alipiga picha tatu. Katika mbili mke mkubwa alikuwa amefumba macho. Ya tatu ilikuwa nzuri isipokuwa upande mmoja, ambako nguzo ilipita mbele ya uso wa Phelista na nyuma yake kulikuwa na kiti cha buluu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaukata upande ule. Nguzo ikaenda, kiti kikaenda, na Phelista naye akaenda.

Nilimuuliza Jentrix kama alidhani Phelista ni jirani. Ningefurahi angesema ndiyo.

"Nilijua ni mke. Emsii alimtaja kwa jina," alisema. "Nisikudanganye. Niliona picha imechafuka pale mwisho, nikajiambia ni mtu mmoja tu, na tena uso hauonekani vizuri. Nilikuwa nawaza Jumatano."

Jumatano ilifika. Vipande vya kadibodi viliwekwa juu ya picha na havikusogezwa hata kidogo. Ankita alisema hana cha kuondoa. Wanachama walipiga makofi, picha ikatiwa fremu na kutundikwa ukutani. Jioni hiyo Jentrix alirudisha kamera ikiwa haina vumbi, na kadi ikiwa tupu. Nakala nyingine aliipeleka kwa Khaemba ndani ya albamu, na chini yake, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika: Familia yote ya marehemu.

Majuto ni mjukuu, na huyu hakuchelewa. Februari, watu walipoanza kulima, Khaemba alipitisha trekta kwenye ekari moja na nusu ambayo Phelista alikuwa akiilima tangu aolewe. Mjane alikwenda kulalamika kwenye baraza la kijiji. Khaemba alikuja na albamu kwapani.

"Aliuliza watu, mnionyeshe huyu mke yuko wapi hapa," Phelista alisimulia. "Ikapitishwa mkono kwa mkono. Kila mtu aliangalia, na kila mtu alikuwa kwa matanga. Walinipikia chai hao. Hakuna mtu alifungua mdomo."

Wangefungua vipi? Mvua ilikuwa mlangoni na trekta ilikuwa moja. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini huyu alikuwapo, amesimama na kitambaa kichwani, na bado lake halipo. Aliambiwa akae mpaka mahindi yavunwe, kisha atafute kwao.

Nyuma ya kila picha Jentrix hupiga muhuri wenye nambari yake ya simu. Kwa nambari hiyo Phelista alimpata, akafunga safari hadi Tuwan, akakataa kuketi.

"Msichana wangu, nipatie ile yenye niko," alimwambia.

"Mama, haiko."

"Si ulinipiga? Nilikuona ukinipiga."

"Nilikupiga, mama. Nikakutoa."

Jentrix anasema mama huyo hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu kama kutolewa huko kulikuwa na bei tofauti.

Ankita aliishughulikia ile kadi kwa siku mbili kwenye kompyuta ya dukani, akitafuta kilichofutwa. Ilikuwa imepita mikononi mwa watu sita. Alichofufua ni keki ya harusi, gunia la viazi na mechi ya mpira ya shule. Hata wenye simu hawakusaidia. Walikuwa wamerudishwa nyuma kwa ombi la mpiga picha mwenyewe, na walichokuwa nacho ni migongo ya watu.

Jentrix aliiomba klabu ishushe ile picha ukutani. Kamati ilikaa, ikajadili mwanga na mpangilio, ikaamua ibaki kwa sababu ndiyo bora ya mwaka. Niliikuta bado iko pale. Ankita, ambaye alipinga uamuzi huo na kushindwa, hakunificha kitu. "Mimi ndiye nilimfundisha kukata," alisema. "Na ukiiangalia, picha ni nzuri. Hiyo ndiyo inaniuma."

Khaemba alinijibu kwa simu, bila hasira. "Tulimlipa, akaleta kazi, tukaridhika. Sasa ati picha ni nusu? Si angesema mapema? Yule mama alikuwa anasaidia mzee kazi ya nyumba, basi." Kabla ya kukata aliniuliza kama Jentrix ni mpiga picha ama ni wakili.

Hilo swali limekwisha zunguka. Tangu aandikishe taarifa kwa wakili wa Phelista, hakuna simu ya kazi inayotoka Bungoma. Mwezi uliopita alipata mazishi mawili tu, yote upande wa Kitale, na moja alilipwa kwa mahindi, mikebe kumi ya gorogoro. Mnyonge hana haki, na anayemsimamia mnyonge naye huanza kuonekana mnyonge.

Kesi itasikizwa mahakamani Bungoma mwezi ujao. Phelista hana cheti cha ndoa, hana mtoto na hana picha. Nilipomuuliza anamwonaje Jentrix sasa, alikuwa akipura maharagwe uani, na aliendelea kupura.

"Namchukia," alisema. "Nikiamka namchukia. Lakini sina shahidi mwingine."

Nilimfikishia Jentrix maneno hayo, kwa kuwa mama mwenyewe alisema nimwambie. Aliitika kwa kichwa. "Ako na haki," alisema.

Wakili amekwisha mwonya kuhusu swali atakaloulizwa: ikiwa picha yako ilidanganya, mbona tuuamini mdomo wako? Analifanyia mazoezi chumbani kwake, kwa sauti, akiwa amesimama. Anajua kwamba akiaminiwa, Phelista atabaki shambani mwake, na yeye atakuwa amekiri mbele ya nusu ya Bungoma kwamba albamu zake si za kutegemewa. Akitoka pale anapanga kurudi sokoni. Amekwisha kuulizia bei ya bunda la makoti.

Nilimuuliza basi atalijibu vipi lile swali.

"Nitawaambia ukweli," alisema. "Khaemba hakunituma. Hakuna mtu alinilipa nimtoe. Nilimtoa mjane kwa matanga ya bwana yake ndio nipigiwe makofi na watu kumi na watatu. Mtu anaweza kujitungia sifa. Aibu kama hii, nani atajitungia?"